Malengo makubwa na raha ndogo: nikagulieni ratiba ya wiki na bajeti ya mwezi kabla sijaanza

Karani_FreeArea (Nakuru) anauliza:

Hamjambo ndugu na dada zangu. Naomba mnikagulie mpango huu kabla sijauanza, kwa sababu nataka udumu hadi Desemba bila kuvunjikia njiani.

Kazi ni ukarani katika duka la pembejeo mjini, Jumatatu hadi Ijumaa saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja unusu jioni, na Jumamosi hadi saa saba mchana. Malengo ni mawili. La kwanza ni karatasi 3 za CPA (cheti cha uhasibu) ngazi ya kati, mtihani wa KASNEB, bodi ya mitihani ya uhasibu, wa Desemba. Zimebaki wiki 16 na ada imeshalipwa. La pili ni kiwanja, na lengo ni akiba ya shilingi 300,000.

Mshahara unaofika mkononi ni 42,000. Mgawanyo niliouandika ni huu: kodi 9,000, chakula pamoja na gesi, maji na stima 10,000, nauli 3,000, wazazi 4,000, simu na bando 1,000, akiba ya kiwanja 15,000. Masomo nimeyapangia saa 3 kila usiku kwa siku 6.

Vitu ninavyovipenda ni vya kawaida: kwaya Jumatano jioni, samaki wa Jumapili, kutembea mahali penye hewa, na kukaa na marafiki. Kwenye mpango vyote nimevisimamisha mpaka mtihani uishe. Je, hii ni busara? Kama si busara, vinaingia wapi bila kuharibu malengo? Naomba mnijibu kwa hesabu na hatua. Maneno ya kutiana moyo peke yake hayatanitosha.

---

Mhasibu_Milimani (Nakuru):

Dada, mpango wako ni safi lakini hautafika Oktoba. Nitaeleza upande wa muda, wa pesa nawaachia wengine.

Saa 3 kwa siku 6 ni saa 18 kwa wiki, na kwa wiki 16 ni saa 288. Tatizo ni kwamba saa zote hizo zinaanza baada ya siku nzima ya kusimama dukani. Ukitoka saa kumi na moja unusu, ukipanda matatu, ukapika na kula, kitabu hukifungui kabla ya saa mbili usiku. Ukisoma hadi saa tano, saa ya mwisho macho yanapita juu ya mistari na kesho yake ukurasa uleule unausoma upya. Zaidi ya hapo unakata usingizi, na usingizi ndio wakati ubongo unapoyatia imara uliyoyasoma. Ni hasara mara mbili.

Panga hivi badala yake. Jumatatu, Jumanne na Alhamisi, saa mbili hadi saa tatu unusu usiku: hizo ni saa 4 na nusu. Jumatano na Ijumaa asubuhi, saa kumi na moja hadi saa kumi na mbili na robo: saa 2 na nusu. Jumamosi saa tisa alasiri hadi saa kumi na mbili: saa 3. Jumla saa 10. Jumatano jioni ni ya kwaya, Ijumaa jioni ni wazi, Jumapili hakuna kitabu. Taa zizimwe saa nne usiku, hivyo hata zile asubuhi mbili za mapema utakuwa umelala saa 7.

Usiku usisome maelezo, fanya maswali ya hesabu kwa kalamu. Mkono unaoandika haulali. Sheria ya kampuni na mambo ya kukariri yaweke asubuhi, kichwa kikiwa hakijabeba kitu. Kila karatasi iguswe angalau mara mbili kwa wiki. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu mwaka 1885 kwamba sehemu kubwa ya tunachojifunza huanza kupotea katika saa na siku za mwanzo, na kurudia kwa kupishanisha siku ndiko kunakokizuia kisipotee. Kwa hiyo kusoma karatasi moja wiki mbili mfululizo halafu kuiacha ni kazi ya bure.

Sasa hesabu ya kweli. Saa 10 mara wiki 16 ni 160. Toa wiki 2 za kuharibika, maana kutakuwa na homa, matanga, au kuhesabu mali dukani. Zinabaki saa 140, yaani kama 46 kwa kila karatasi. Kwa maoni yangu, kama mbili kati ya hizo tatu ni za hesabu nzito, fanya mbili tu na kila moja ipate saa 70. Kupita karatasi mbili ni bora kuliko kugusa alama 45 katika tatu, kwa kuwa kufaulu ni 50.

Kwaya usiiache. Ina saa ya kuanza na saa ya kumaliza, ina watu wanaokungoja, na inakutoa kitini. Raha ya namna hiyo haiibi muda. Inayoiba ni ile isiyo na mwisho wake yenyewe: video za simu zinazojifuatanisha, na tamthilia inayojicheza sehemu inayofuata kabla hujaamua. Ingia kwenye mipangilio ya simu, pale panapoonyesha muda unaotumia kila programu, uweke kikomo cha dakika 30 kwa siku. Kucheza kwenyewe kwa sehemu inayofuata kuzime kabisa. Na usiku usinunue bando inayodumu saa moja: ukishailipia, unaona vibaya kuiacha iishe bila kazi, basi unakaa nayo hadi mwisho.

---

Hazina_Nyalenda (Kisumu):

Nimeisoma bajeti yako, dada yangu, na ndipo mpango utakapopasukia kabla hata ya masomo. Jumlisha ulichoandika: 9,000, 10,000, 3,000, 4,000, 1,000 na 15,000. Inafika 42,000 kamili. Hakuna hata shilingi ya mtungi wa gesi kuisha mapema, ya dawa, wala ya mchango wa matanga. Hapa kwetu magharibi na huko Nakuru pia, mwezi usio na mchango ni nadra. Mchango ukija na akiba yote iko kwenye sacco, utakopa kwa simu. Fuliza, mkopo wa M-Pesa, inatoza ada kwa kila siku deni linapokaa, na mshahara ukiingia inajilipa yenyewe kwanza. Mwezi unaofuata unaanza ukiwa umepungukiwa, na hapo ndipo watu husema malengo yamewashinda, ilhali kilichowashinda ni mgawanyo wa pesa.

Ile 15,000 igawe hivi: kiwanja 10,500, dharura 1,500, michango 1,000, raha 2,000.

Najua jicho litaenda kwenye ile 2,000, kwa hiyo tuihesabu. Ukiweka 10,500 kwa miezi 12 unapata 126,000, na mfuko wa dharura unakuwa umefika 18,000, ambayo inatosha kuanzia. Kuanzia mwezi wa 13 ile 1,500 ihamie kwenye kiwanja, iwe 12,000. Zilizobaki 174,000 zinahitaji miezi 15. Jumla miezi 27. Ukifuta raha kabisa na kuacha mengine yote kama yalivyo, unafika kwa miezi 23. Basi bei ya samaki, matembezi na marafiki kwa miaka miwili na zaidi ni kungoja miezi 4. Mimi naona ni bei ya haki. Mpango wako wa awali ungefika kwa miezi 20 kwenye karatasi, lakini ungehitaji miezi 20 isiyo na mgonjwa wala msiba.

Namna ya kuiweka ni muhimu kuliko kiasi. Akiba ya kiwanja ikatwe mshaharani moja kwa moja iende sacco, au uweke agizo la kudumu benki siku moja baada ya mshahara. Kumbuka amana za sacco kwa kawaida hazitoki mpaka ujiondoe uanachama, na hata hapo kuna notisi ya kungoja. Hilo ni jema kwa kiwanja lakini ni baya kwa dharura, ndiyo maana dharura iwekwe mahali pengine, kwa mfano akaunti ya akiba ya simu isiyo na kadi.

Raha ichukue taslimu. Toa 2,000 siku ya mshahara, weka 400 katika kila moja ya bahasha nne za wiki, na 400 iliyobaki iwe ya mwezi: Jumapili ya tano ikitokea, au matembezi ya mbali kidogo. Kanuni zake ni tatu. Bahasha ikiisha Alhamisi, imeisha. Ikibaki, inaingia wiki inayofuata. Na isikopwe kujaza chakula au nauli, kwa sababu ukianza kuikopa, kufikia mwezi wa tatu haitakuwapo, na bila hiyo utaanza kuchota kwenye akiba.

Kamari ya simu isiingie kwenye bahasha hii hata kwa shilingi 50. Haina kikomo chake yenyewe, na inakula fedha na utulivu pamoja.

---

Jikoni_Dunga (Kisumu):

Mimi niongeze kuhusu samaki wa Jumapili, kwa kuwa ndiyo raha inayoweza kuwa kubwa kwa pesa kidogo ikifanywa vizuri, au kuwa maudhi ikifanywa kwa haraka.

Unga, mafuta na nyanya vitoke kwenye bajeti ya chakula, maana Jumapili ungekula hata hivyo. Bahasha ya raha ilipe samaki pekee. Ngege (tilapia) mmoja wa kama gramu 600 anatosha watu wawili. Kwa kuwa uko Nakuru, samaki amesafiri, awe wa ziwa letu au wa Naivasha, kwa hiyo mchague kwa uangalifu: jicho liwe limejaa na kung'aa, lisiwe limezama; matamvua yawe mekundu, si ya kahawia; bonyeza nyama kwa kidole, irudi yenyewe. Nenda asubuhi. Muuzaji akuparulie magamba na kumtoa matumbo, uokoe dakika 20 za kazi na harufu ya jikoni.

Ukifika nyumbani mwoshe, mchanje mara tatu kila upande hadi karibu na mfupa, mpake kijiko kidogo cha chumvi na nusu limau, mwache dakika 15. Kisha mkaushe kwa kitambaa safi, nje na ndani ya tumbo. Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, na ndiyo sababu samaki anarusha mafuta na ngozi inabaki kwenye kikaango. Mafuta yawe na kina cha sentimita 2. Chovya ncha ya mwiko wa mti: ukiona viputo vinauzunguka mara moja, yamefika. Mtie samaki na usimguse kwa dakika 4 za mwanzo, ataachia mwenyewe ngozi ikishashika. Dakika 6 au 7 kila upande. Kama kikaango ni kidogo mkate vipande viwili ukaange kimoja kimoja. Ukivibana pamoja, mafuta yanapoa na samaki anachemka badala ya kukauka.

Mchuzi: kitunguu kimoja kikubwa, kitunguu saumu punje 3, nyanya 4 zilizoiva, hoho nusu. Kitunguu kiwe laini kabla ya nyanya kuingia. Nyanya zipike dakika 8 hadi 10, mpaka uone mafuta yanajitenga na kupanda juu. Ukiwahi kuongeza maji, mchuzi utakuwa mkali kama nyanya mbichi. Ndipo tia robo tatu ya kikombe cha maji, chumvi, mlaze samaki humo, funika dakika 5 kwa moto mdogo. Dhania mwishoni, moto ukiwa umezimwa. Kwa ugali, changanya unga wa mahindi na wa mtama, sehemu mbili kwa moja.

Kwa jumla ni kama dakika 50 jikoni. Anza saa sita mchana, mle saa saba. Simu iwe chumba kingine. Ukila huku unasogeza video, ule mlo unapita bila kukaa, na jioni utatafuta kitu kingine cha kukufurahisha kwa pesa nyingine.

---

Kondele_Jioni (Kisumu):

Swali la kando, naomba mniruhusu. Na sisi ambao raha yetu ni mpira wa Uingereza? Mechi Jumamosi, mechi Jumapili, na katikati ya wiki Ulaya. Ratiba ya Mhasibu inatuweka wapi?

---

Mhasibu_Milimani (Nakuru):

Ndugu Kondele, mechi moja kwa wiki, na uichague Jumatatu ratiba ikiwa mbele yako. Ukichagua Jumamosi ukiwa umeshakaa kwenye ukumbi, utatazama tatu.

Jihadhari na saa. Uingereza husogeza saa zao Jumapili ya mwisho ya Oktoba na ya mwisho ya Machi. Kabla ya Oktoba kuisha, mechi za Jumamosi za saa tisa alasiri yao huanza saa kumi na moja jioni kwetu, na hizo zinagongana na kipindi cha kusoma cha saa tisa hadi kumi na mbili. Baada ya hapo zinaanza saa kumi na mbili jioni kwetu, pale pale unapofunga kitabu. Kwa hiyo Agosti hadi Oktoba chukua ile ya jioni, inayoanza saa moja unusu. Novemba hadi Machi chukua ya saa kumi na mbili, kwa maana ile ya mwisho imesogea hadi saa mbili unusu usiku.

Mechi yenyewe pamoja na mapumziko na dakika za nyongeza haizidi saa mbili. Saa nne zinaliwa na kuwahi ukumbini na kubaki kubishana. Fika dakika 10 kabla, toka dakika 10 baada. Mechi za Ulaya za katikati ya wiki sizipendekezi kabisa wakati wa mtihani: zile kuu huanza saa nne usiku, na baada ya Oktoba saa tano. Zinakwisha karibu saa sita au saa saba usiku. Soma matokeo asubuhi, tazama mabao kwa dakika 5.

---

Msitu_Isecheno (Kakamega):

Kuhusu kutembea. Watu wengi hupanga kusoma asubuhi ya mwisho wa wiki na kutembea jioni, halafu mvua inawafungia ndani, wanaishia kitandani na simu. Huku Kakamega na Kisumu mvua nyingi huja alasiri na jioni, kwa ngurumo, hasa msimu wa masika. Nakuru nako alasiri si ya kuaminika sana. Basi hewa ya nje iwe asubuhi, kitabu kiwe alasiri. Ratiba aliyotoa Mhasibu kwa Jumamosi inakubaliana na hilo, na Jumapili asubuhi, kabla ya ibada au baada yake, ndiyo ya miguu.

Kwa aliye Free Area, Hyrax Hill iko karibu, kama kilomita 4 kutoka katikati ya mji. Ni kilima kifupi, unapanda na kushuka ndani ya saa moja bila kuchoka, na kuna jumba dogo la makumbusho chini yake. Mary Leakey alichimba pale mwaka 1937. Angalia mawe yaliyochongwa vishimo vya bao, yamo mwambani penyewe. Beba kete 64 za mbegu mfukoni na ufahamu kuwa bao ni raha ya dakika 30 isiyohitaji bando. Wajaluo wenzetu wana mchezo wa ajua, ndugu yake wa karibu.

Kreta ya Menengai ni ya mara moja kwa mwezi, kwa ile 400 ya ziada. Ukingo wake uko juu sana kuliko mji, zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, na njia ni mwinuko mtupu. Nenda na watu watatu au wanne, anza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, beba lita moja na nusu ya maji kwa kila mtu na kitu cha kuzuia upepo. Kabla ya saa nne uwe umeanza kurudi. Usiteremke ndani ya kreta bila mwenyeji wa njia. Siku hiyo usipange kitu kingine kizito, maana miguu itakuwa na kauli yake hadi Jumatatu.

Kwa jioni za katikati ya wiki, nusu saa tu baada ya kazi inatosha: shuka kwenye matatu vituo viwili kabla ya chako, umalizie kwa miguu. Jua linazama kati ya saa kumi na mbili na dakika 20 hivi na karibu saa moja, mwaka mzima halibadiliki sana. Kisumu linachelewa kuliko Nakuru kwa kama dakika 5. Panga uwe umefika nyumbani kabla ya giza.

Anayekuja huku siku ya mapumziko, msitu wa Kakamega una milango miwili inayojulikana, Isecheno upande wa kusini na Buyangu kaskazini. Kilima cha Lirhanda ndicho cha mapambazuko. Mchukue mwongoza njia wa pale, utaona ndege wengi zaidi kuliko ukienda peke yako.

---

Mama_wa_Shabab (Nakuru):

Mwanangu, mimi nina neno moja tu. Kutembea ni kutembea. Usihesabu hatua kwa simu, usipige picha ya kila sahani, usifanye kwaya iwe mashindano. Raha ikishawekewa alama za kufaulu na kushindwa inageuka kuwa lengo la tatu, na wewe tayari una mawili. Na Mhasibu amesema kweli kuhusu karatasi mbili.

---

Hazina_Nyalenda (Kisumu):

Mama, shikamoo. Kuhusu kutohesabu raha nakubaliana nawe. Kuhusu karatasi mbili nasita kidogo. Ada ya tatu imeshalipwa, na mtu akiisogeza mbele huenda akailipia tena. Ningesema hivi: wiki 6 za kwanza asome zote tatu, kisha mwisho wa wiki ya 6 ajipime kwa karatasi ya zamani ya kila moja, kwa muda kamili. Iliyo chini ya alama 35 aiache, saa zake ziende kwa mbili zilizobaki. Iliyo juu ya hapo bado inaokolewa ndani ya wiki 10.

---

Karani_FreeArea (Nakuru):

Asanteni sana, nimenakili yote. Nimebaki na mawili. Wiki ya kuhesabu mali dukani tunatoka saa mbili usiku kwa siku tano mfululizo. Je, zile saa 10 nizilipe wiki inayofuata? Na marafiki wanaopenda nyama choma Ijumaa, nawaambiaje bila kuonekana nimewakimbia?

---

Mhasibu_Milimani (Nakuru):

Usizilipe. Ukibeba deni la saa 10 kwenda wiki inayofuata, wiki hiyo inakuwa ya saa 20, inashindikana pia, na deni linakua hadi unaliacha lote. Weka kiwango cha chini cha wiki mbovu: saa 4. Kwa wiki ya kuhesabu mali, fanya asubuhi zile mbili pamoja na Jumamosi saa moja na nusu. Zaidi ya hapo lala. Wiki inayofuata inaanza upya kwenye 10. Tumeshatoa wiki 2 za kuharibika kwenye hesabu, kwa hiyo hakuna kilichopotea ambacho hakikutarajiwa.

Na kwenye wiki mbovu usikate raha ili kufidia. Kata kusoma, bakisha kwaya na samaki. Ukifanya kinyume, mwili utaidai kwa njia yake: Jumapili nzima unaangalia simu bila kuamua, na Jumatatu unaamka umechoka kama ulivyolala.

Tena, Ijumaa ya wazi iache iwe wazi. Ukianza kuijaza kazi za dukani ulizobeba nyumbani, baada ya mwezi mmoja ratiba yote itakuwa imerudi kwenye zile saa 18.

---

Hazina_Nyalenda (Kisumu):

Kwa marafiki, waambie mapema na uwape siku. "Hadi Desemba mimi ni wa Ijumaa ya kwanza na ya tatu" ni jibu linaloeleweka kuliko "niko bize", ambalo linasikika kama unawakataa. Siku hizo beba bahasha pekee, kadi na pini ya simu viwe mbali na mkono. Agizeni kwa uzito uliokubaliwa kabla ya kukaa: nusu kilo kwa watu wawili pamoja na ugali na kachumbari inashibisha. Lipeni kwanza, kwa sababu kinachopandisha bili ni nyongeza za baadaye, mtu akiwa ameshashiba na anaendelea kwa mazungumzo. Ijumaa ya pili na ya nne ukipenda waalike kwako kwa chai ya maziwa na viazi karai. Kilo moja ya viazi inatosha watu wanne.

Jambo la mwisho kwenye pesa: Ijumaa yenye nyama na Jumapili yenye samaki katika wiki moja hazitoshi kwenye 400. Wiki hiyo samaki awe omena. Mwagie maji moto, mwoshe mara tatu hadi mchanga uishe, mkaange akauke kabla ya nyanya. Jikoni_Dunga anisahihishe.

---

Jikoni_Dunga (Kisumu):

Hujakosea. Ongeza tu kwamba maji moto yasikae zaidi ya dakika 3, omena atavunjika. Na akikaangwa akakauka, tia vijiko viwili vya maziwa ya mtindi au malai mwishoni, uchungu wake unapoa.

---

Mhasibu_Milimani (Nakuru):

Dada, kwa wiki 3 za mwisho kabla ya mtihani badilisha vitu viwili tu. Kipindi cha Jumamosi saa tisa hadi kumi na mbili kina saa 3 kamili, urefu uleule wa karatasi ya mtihani. Kitumie kufanya karatasi ya zamani bila kitabu, saa ikiwa mezani. Dakika 180 kwa alama 100 ni dakika 1.8 kwa alama, basi swali la alama 20 lipewe dakika 36. Dakika hizo zikiisha, hamia swali jingine hata kama hujamaliza. Wengi huanguka kwa kutumia dakika 60 kwenye swali wanalolipenda. La pili, asubuhi za Jumatano na Ijumaa ziwe za kusahihisha makosa ya Jumamosi pekee, bila kusoma mada mpya.

Kwaya endelea nayo hadi wiki moja kabla ya mtihani, na umwarifu mwalimu wa kwaya sasa hivi ili asikupangie sauti ya peke yako kwenye nyimbo za Krismasi bila mazoezi. Bahasha ya wiki ya mtihani usiifungue. Ichanganye na ile 400 ya mwezi, ukafike Menengai na wenzako Jumapili ya kwanza baada ya karatasi ya mwisho. Lengo jipya lisianze kabla ya Januari. Kiwanja kinaendelea chenyewe kwa makato ya sacco, hakihitaji saa hata moja ya Desemba yako.